Kadi ya RTX 3060 kwenye kompyuta ya wati 290: ninunue pawa saplai ipi?

Swali:

"Shikamoo fundi. Nipo Moshi, Majengo, nahariri video za harusi, sendofu na vipaimara. Natumia Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile ya kasha kubwa la kusimama, yenye prosesa i7-4770, RAM ya GB 16, SSD moja na diski moja ya kawaida. Mwezi uliopita nilinunua kadi ya grafiki RTX 3060 ya GB 12, imetumika kidogo. Kufika nyumbani nikaona ina tundu la pini 8 kwa juu, na kwenye kompyuta yangu hakuna waya wa kuingia humo. Pawa saplai imeandikwa 290W. Fundi wa kwanza ameniuzia adapta ya kuvuta umeme kutoka waya wa diski, bado sijaichomeka. Wa pili anasema ana pawa saplai mpya ya wati 700 kwa shilingi 45,000, nikafunge tu. Rafiki yangu naye anasema pawa saplai kubwa itaunguza kadi na kunimalizia LUKU. Nimsikilize nani? Desemba inakaribia na nina harusi nyingi."

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. La haraka kwanza: adapta hiyo usiichomeke. Iweke kabatini, tutairudia.

Ninavyokuelewa una hofu mbili. Kadi uliyoitolea jasho isiungue, na Desemba, wakati wenzetu wote wamepanda kutoka Dar na kila nyumba ya Kibosho hadi Marangu ina turubai uani, isikukute umekaa mbele ya mashine iliyozima. Watu watatu wamekushauri, na kila mmoja ana kipande cha ukweli alichokishika vibaya. Nitaanza na rafiki yako, kwa sababu kosa lake ndilo linalosikika sana hata hapa Arusha, tena kwa watu waliosoma.

Pawa saplai hupokea umeme wa TANESCO, volti 230 za kwendarudi, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa mkondo mmoja: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Vitu vinavyokula sana kwenye kompyuta ya leo, yaani prosesa na kadi ya grafiki, vyote viko kwenye volti 12. Sasa wewe uko Moshi, kwa hiyo mfano wako uko mlimani. Fikiria mfongo, ule mfereji wa maji, unaoshuka kwenda vihambani, kwenye mashamba ya migomba. Mteremko wake ndio volti, na wingi wa maji yanayopita ndio ampea. Mwenye kihamba hufungua njia akachukua maji ya kutosha migomba yake, kisha akafunga. Mfongo mpana haumsukumii mtu maji asiyoyataka. Ukiwa mwembamba, hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu anayefungua juu anamkausha wa chini.

Kadi yako ndiye mwenye kihamba. RTX 3060 ikifanya kazi kwa nguvu zote huomba wati 170 hivi. Itaziomba hizo hizo kwenye pawa saplai ya wati 550 na kwenye ya wati 1000. Kinachounguza kadi ni volti kupanda kupita kiasi au kuyumba, na hilo linatokana na pawa saplai mbovu, iwe kubwa au ndogo.

Na LUKU? Tupige hesabu. Kompyuta yako ikiwa kazini kwelikweli itataka kama wati 300. Pawa saplai nzuri yenye alama ya 80 PLUS Bronze, yaani iliyopimwa isipoteze umeme mwingi, ikiwa katikati ya uwezo wake, hupitisha kama asilimia 85 ya inachovuta ukutani, na kinachobaki kinakuwa joto. Kwa hiyo ukutani utavuta wati 353 hivi. Ya ovyo inayopitisha asilimia 75 itavuta 400. Ukirenda, yaani ukiitoa video iliyokamilika, kwa saa 4 mfululizo, ya kwanza imekula uniti 1.4 na ya pili 1.6. Tofauti ni uniti 0.2. Sikudanganyi kwamba utanunua Bronze ikurudishie pesa kwenye LUKU. Ingekuchukua miaka mingi. Bronze naipendelea kwa sababu nyingine: kiwanda ambacho pawa saplai yake imepelekwa kupimwa kimeweka vipuri vya kueleweka ndani.

Sasa tuje kwenye 290 yako. Hiyo pawa saplai ya Dell si mbaya, hata kidogo. Ni ya kweli, wati 290 zake ni 290, ndiyo maana kompyuta hizi za maofisini zinafika kwetu zikiwa na miaka kumi na bado zinadunda. Tatizo ni kwamba ilipangiwa kazi nyingine. Jumlisha: i7-4770 imepangiwa wati 84, kadi 170, halafu mazabodi (ile bodi kuu), RAM, SSD, diski inayozunguka na feni, weka 45 kwa ujumla. Unapata 299. Mtu atasema imezidi 9 tu, si itabeba? Haitabeba, na sababu yake inafaa uielewe vizuri kwa kuwa ndiyo inayowazimishia watu kompyuta katikati ya kazi.

Hizo wati 170 ni wastani. Kadi ya kisasa haiombi umeme kama taa inayowaka tu. Inaomba kama mama ntilie saa saba mchana, sasa hivi kimya, mara watu ishirini mlangoni kwa pamoja. Kwa muda mfupi mno, sehemu ya elfu ya sekunde au chini ya hapo, kadi huruka juu sana ya wastani wake kisha ikashuka. Multimita yako haioni, LUKU haioni, lakini pawa saplai inaona. Iliyo na ulinzi itasema hapana na kuzima kila kitu: pam, skrini nyeusi, feni kimya. Jambo hili lilisumbua hata watengenezaji wakubwa, mpaka kanuni za pawa saplai zilizotoka 2022, zinazoitwa ATX 3.0, zikataka pawa saplai za daraja hilo zenye nguvu ya kutosha zivumilie kuruka hadi mara mbili ya uwezo wao kwa muda huo mfupi sana. Kadi yako si mkorofi kama ndugu zake wakubwa wa RTX 3080, ila tabia ni ya ukoo mmoja.

Kwa sababu hiyo NVIDIA, wenye chipu ya kadi hiyo, wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa RTX 3060. Wengine wanaona namba hiyo imetiwa chumvi, na kwa kiasi fulani imetiwa kweli. Mwenye kiwanda hajui wewe una prosesa gani, diski ngapi, wala kama pawa saplai yako ni ya heshima au ya kichochoroni, basi anaweka akiba. Kwa kompyuta kama yako, pawa saplai ya kweli ya wati 450 ingeendesha kadi hiyo. Lakini nasema ya kweli, na neno hilo linatupeleka moja kwa moja kwa fundi wako wa pili.

Wati 700 kwa shilingi 45,000. Mdogo wangu, pawa saplai hiyo sijaiona na simtuhumu mtu. Nakueleza niliyoyaona mezani kwangu. Mwaka juzi kijana mmoja wa hapa Arusha aliniletea kompyuta inayozima kila akifungua mchezo wa mpira. Pawa saplai ilikuwa na 600W imeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu. Nikaitoa, nikaishika mkononi: nyepesi kama kopo tupu la maziwa ya unga. Nikasoma kibandiko cha pembeni, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Kwenye safu ya +12V palikuwa na 18A. Zidisha mwenyewe: 12 mara 18 ni 216. Wati 216 ndizo zilizokuwepo kwa ajili ya prosesa na kadi. Zile nyingine walizijumlisha kutoka volti 5 na volti 3.3, ambazo kompyuta ya leo inazigusa kidogo tu, na hata ukizijumlisha zote, 600 haikufika.

Nikaifungua, baada ya kukaa siku kadhaa bila umeme (wewe usifanye hivyo, nitakwambia kwa nini). Kwenye bodi, pale umeme wa ukutani unapoingia, palikuwa na michoro na herufi za sehemu ambazo zilitakiwa kukaa koili na kapasita za kuchuja. Hazikuwepo. Penye koili pamepitishwa kipande cha waya mtupu, kimechomelewa risasi huku na huku. Bodi ilichorwa na mtu anayejua kazi, halafu ikajazwa na mtu anayehesabu senti. Ile kadi ya kijana ilikuwa bado nzima. Alikuwa na bahati.

Basi ukienda dukani, maboksi waachie wenyewe. Geuza pawa saplai, tafuta jedwali la kibandiko, weka kidole kwenye +12V. Kwa kompyuta yako tunahitaji karibu ampea 25 zinazotumika kweli, yaani wati 300 ugawe kwa 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huandikwa ampea 40 na kitu kwenye mstari huo. Ikiwa imeandikwa 550W na chini yake 12V ni ampea 20, hiyo ni pawa saplai ya wati 240 iliyopewa jina la ukoo mwingine. Kama kibandiko hakionyeshi ampea kabisa, aga vizuri uondoke.

Dalili nyingine ni kile kiswichi chekundu cha nyuma chenye 115 na 230. Pawa saplai nzuri za siku hizi nyingi hazina. Zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe. Ukikiona kiswichi kwenye pawa saplai inayoitwa mpya, ujue aghalabu ni muundo wa zamani. Na kama una mashine ya mtumba yenye kiswichi hicho, hakikisha kipo 230 kabla ya kuchomeka, kwa sababu zile zilizotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115. Utasikia mlio mmoja tu, kisha harufu.

Kuhusu uzito: siyo kipimo cha maabara, lakini mizani ya kwa Mangi inasaidia. Pawa saplai halisi ya wati 550 kwa kawaida hupita kilo moja na nusu. Zile za ovyo mara nyingi hazifiki hata kilo moja.

Kuna jambo fundi wa pili hakulitaja, na lingekurudisha dukani siku hiyo hiyo. OptiPlex 9020 haitumii plagi ya kawaida ya mazabodi. Pawa saplai za sokoni zina plagi ya pini 24. Dell kwenye kizazi hicho waliweka pini 8 tu. Ungefika nyumbani na pawa saplai nzuri kabisa, ukaangalia plagi, ukaangalia tundu, na usiku ungekuwa mrefu. Kuna adapta ya kutoka pini 24 kwenda pini 8 iliyotengenezwa mahsusi kwa Dell hizo, si ghali, na inafanya kazi vizuri. Agiza pamoja na pawa saplai, umtajie muuzaji OptiPlex 9020 kwa jina, maana kampuni nyingine zina plagi zao zinazofanana kwa macho na kutofautiana kwa nyaya. Kwenye kasha lenu hilo kubwa pawa saplai ya kawaida ya ATX inakaa na skrubu zinalingana. Wenye lile kasha dogo la kulala wasijaribu, humo haiingii.

Sasa adapta ya fundi wa kwanza, ile uliyoiweka kabatini. Tundu la pini 8 kwenye kadi limeruhusiwa kuvuta hadi wati 150. Kadi pia huvuta hadi 75 kupitia sloti yenyewe ya kwenye mazabodi. Waya wa diski, ule wa plagi nyembamba ya SATA, una pini tatu za volti 12, kila moja imepangiwa ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, sawa na wati 54. Unaona sasa? Unataka kupitisha mzigo wa lori kwenye njia ya bodaboda. Na ubaya wake haujitokezi dakika ya kwanza. Kompyuta itawaka, utafurahi, utamsifu fundi. Kisha plagi inapata moto kidogo kidogo, plastiki nyeupe inageuka rangi ya ndizi iliyochomwa, pini zinalegea, zikilegea zinapata moto zaidi. Nimezikata plagi za namna hiyo zikiwa zimeshikana na tundu la diski kiasi kwamba diski yenyewe ilienda nayo. Fikiria picha za harusi ya mtu zikiwa kwenye diski hiyo.

Sitaki umchukulie fundi huyo kama tapeli. Adapta hizo zinauzwa waziwazi na watu wanaamini kila plagi inayoingia inafaa. Ila kadi ikihitaji waya wa pini 6 au 8 na pawa saplai haina waya huo, mara nyingi pawa saplai inakwambia kwa lugha yake kwamba mzigo huo haikupangiwa.

Una njia gani, basi? Ninaziona mbili za maana, na nitakwambia ningefuata ipi.

Ya kwanza ni kubaki na RTX 3060 na kununua pawa saplai ya kweli ya wati 550, Bronze au zaidi, yenye ampea 40 au zaidi kwenye volti 12 na angalau waya mmoja wa pini 6+2 wa kadi, pamoja na adapta ya pini 24 kwenda 8. Kabla ya hapo pima kwa rula nafasi kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye kizimba cha diski, kwa sababu baadhi ya RTX 3060 ni ndefu na itabidi uhamishe diski. Gharama yake itapita mara kadhaa zile 45,000, na hapo ndipo moyo unauma. Lakini kwa kazi yako GB 12 za kadi zina faida kubwa, hasa ukirundika rangi na vipunguza kelele juu ya video za 4K. Na pawa saplai nzuri utahama nayo utakapobadilisha kompyuta. Nyingi huja na garanti ya miaka 5.

Ya pili ni kuiuza kadi hiyo na kuchukua isiyohitaji waya wowote wa ziada, inayokula kwenye sloti tu. RTX 3050 ya GB 6 ni ya wati 70. GTX 1650 ni ya wati 75, ila angalia vizuri, kuna matoleo yake yenye tundu la pini 6 na hayo yatakurudisha ulikotoka. Kwa kadi ya namna hii jumla yako inashuka hadi wati 200 hivi, na ile pawa saplai ya Dell inabeba bila kulalamika. Hununui kitu kingine chochote. Kazi itaenda polepole kuliko kwa 3060, lakini ukitoka kwenye kuhariri bila kadi kabisa utaona tofauti kubwa. Kumbuka pia prosesa yako ni ya 2013 na 3060 ni ya 2021. Kuna nyakati kadi itakaa ikimsubiri mzee.

Kuna wanaopendekeza kuipunguza kadi kwa programu, kuifungia wati 120 badala ya 170. Ni ujanja mzuri wa kupunguza joto na mimi mwenyewe huutumia, lakini kwako hautatui kitu kwa sababu waya wa pini 8 bado hauna.

Ningekuwa wewe, mwenye wateja wanaolipa na Desemba iko mlangoni, ningechukua njia ya kwanza kama pesa ipo leo. Kama haipo, njia ya pili bila aibu yoyote. Njia ambayo nisingeichukua ni ya kununua ile ya 45,000 "kwa muda". Ya muda hukaa miaka mitatu. Na ukibanwa kabisa, kumbuka prosesa yako ina grafiki zake za ndani za Intel zenye uwezo wa kusaidia kurenda H.264, muundo wa kawaida wa video. Washa chaguo hilo kwenye programu yako ya kuhariri uone. Harusi moja mbili zitatoka.

Ukiagiza kutoka Kariakoo na mzigo ukaja kwa basi, mwambie muuzaji akutumie kwa WhatsApp picha ya kibandiko cha pembeni, sio ya boksi. Anayekataa kupiga picha ya kibandiko amekujibu. Ukipata pawa saplai ya mtumba ya jina zuri, siikatai moja kwa moja, mradi ijaribiwe mbele yako ikiwa na mzigo na iwe na nyaya zake zenyewe. Hilo la nyaya nalisisitiza: zile pawa saplai ambazo nyaya huchomolewa upande wa ndani, waya wa kampuni moja usiuchomeke kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine hata kama umeingia vizuri. Upande wa kadi na diski mpangilio ni mmoja duniani kote. Upande wa pawa saplai kila kiwanda kina wake. Nimeona SSD mbili zikifa kwa sekunde moja kwa kosa hilo.

Nyumbani kwako pia pana mambo mawili ya kuangalia. Kama una UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, soma wati zake na usizichanganye na VA. UPS ya 650VA nyingi hubeba kama wati 360 hadi 390. Kompyuta yako mpya ikivuta 350 ukutani, ongeza skrini, UPS itapiga kelele na kukata umeme ukikatika, hapo hapo ulipoitegemea. Utahitaji ya 1000VA au zaidi.

La pili ni ethi, ule waya wa soketi unaokwenda ardhini. Ukigusa chuma cha kasha ukasikia ganzi inayotekenya kama sisimizi, hiyo inatoka kwenye kapasita ndogo za kuchuja ndani ya pawa saplai, ambazo huelekeza kiasi kidogo mno cha umeme kwenye waya wa ethi. Soketi isipokuwa na ethi ya kweli, umeme huo hukaa kwenye kasha ukikusubiri wewe. Si dalili ya pawa saplai mbovu, ni dalili ya nyumba isiyo na ethi, na nyumba za namna hiyo ni nyingi Moshi na Arusha. Mwite fundi umeme mwenye leseni akague. Usikate pini ya tatu wala usichomeke kwa vijiti.

Vumbi sitalisemea sana, unalijua. Puliza kila baada ya miezi michache, kompyuta ikiwa imechomolewa.

Kuna hali ambazo usiniandikie mimi tena, beba mashine kwa fundi mwenye meza na vifaa. Ukinusa plastiki au samaki walioungua, ukisikia mlio wa kupasuka, breka ya nyumba ikianguka kila ukiwasha, au kompyuta ikizima yenyewe hata baada ya pawa saplai mpya. Fundi huyo apime volti 12 kompyuta ikiwa inarenda, siyo ikiwa imekaa bure. Isomeke kati ya 11.4 na 12.6. Anayepima bila mzigo akakwambia "iko sawa" hajapima kitu. Na pawa saplai yenyewe usiifungue, hata ikiwa imechomolewa. Kapasita yake kubwa hushikilia zaidi ya volti 300 na inaweza kukaa nazo kwa muda baada ya waya kutoka ukutani. Hiyo haikutekenyi.

Ukishafunga kila kitu, usikimbilie kazi ya mteja. Chukua video ya zamani, ndefu kuliko zote, irende kwa saa nzima huku kava la pembeni likiwa wazi na wewe uko karibu. Baada ya dakika kumi sogeza uso uvute harufu. Ikifika nusu saa, zima, chomoa, gusa plagi ya pini 8 na ile adapta ya mazabodi kwa kidole. Joto la kikombe cha chai kilichopoa ni sawa, washa tena umalizie. Ukiondoa kidole haraka, usiwashe tena, nitumie picha ya kibandiko na ya nyaya tuangalie pamoja.

Na ile adapta ya diski iliyo kabatini, ikate katikati kwa mkasi kabla ya kuitupa, asije mwingine akaiokota.